Jinsi Levina Alivyofaulu Kusikia

Risala ya Umoja wa Wazazi wa Dawati la Nyuma, wakazi wa Mlabani, Viwanja Sitini na maeneo ya jirani, Ifakara, iliyosomwa kwa mgeni rasmi siku ya maonesho ya kazi za watoto wenye mahitaji maalumu

Mgeni rasmi uliyetoka mkoani kuja kutuona,
Viongozi mlioongozana naye, pamoja na wale mliokuja kwa sababu gari lilikuwa na nafasi,
Walimu, wazazi, na watoto wetu tisa mliokaa mstari wa mbele,

Walio wadogo kwako wanasema shikamoo. Wazee wetu watatu wanangoja ya kwako.

UKARIBISHO

Karibu Ifakara. Tulitangaziwa kwamba utafika saa tatu asubuhi, na sasa inaelekea saa saba. Hatulalamiki. Sisi ni watu tulioomba fomu mwezi wa pili na watoto wetu wakapimwa mwezi wa tisa, kwa hiyo saa nne kwetu ni kama umewahi.

Tunaomba radhi kwa mambo mawili. La kwanza ni spika. Ndugu Clinton wa Mlabani ametuletea zile anazopigia muziki wa harusi, na anasema zina sauti moja tu, hiyo mnayoisikia. Asubuhi alipozijaribu, mama mmoja alikuja mbio kutoka ng'ambo ya barabara kuuliza nani amefariki.

La pili ni msomaji wetu. Kama mnavyoona, ameinua karatasi mpaka imemfunika uso mzima. Macho yake ni mazima na wala haoni aibu, kwa leo. Sababu ipo na tutaisema kabla hajashuka hapa. Kwa sasa, Mgeni rasmi, tunakuomba uvumilie kuhutubiwa na karatasi.

Mstari unaofuata Katibu wetu ameuongeza kwa kalamu dakika chache zilizopita. Ulipofika getini, ulimwinamia mtoto aliyekuvika skafu ukamuuliza jina lake, akakujibu. Ukamuuliza yuko darasa la ngapi, akakujibu. Ukawageukia wenzako ukasema, "Mtoto mchangamfu huyu." Tumekusikia, na neno hilo tutalirudia.

UMOJA WETU

Umoja huu haukuanzishwa na mtu. Ulianzishwa na benchi. Liko nje ya ofisi moja ambayo hatutaitaja, maana bado tunahitaji huduma zake, na wazazi tisa tulikaa juu ya benchi hilo kwa nyakati mbalimbali tukiambiwa njoo kesho, njoo Alhamisi, mwenye mhuri ameenda semina. Mwezi wa nne tukagundua kwamba tunajuana hadi magonjwa ya kuku wetu. Dada Sada wa Viwanja Sitini akasema tukikaa pamoja namna hii bila jina tutaonekana wazururaji, basi tukajiita Umoja wa Wazazi wa Dawati la Nyuma. Ndiko watoto wetu wanakokaa darasani. Mwalimu akichoka kumwelewa mtoto, humrudisha nyuma dawati moja, na watoto wetu walishafika ukutani.

Sada ndiye Mwenyekiti. Mwanawe Nassib ana miaka kumi na mmoja na hajawahi kukubaliana na herufi yoyote. Katibu ni Mwalimu Fulgence, mwalimu mstaafu wa darasa la saba, babu wa mtoto mmojawapo. Yeye ndiye aliyeandika risala hii, na katika kosa tunalokuja kuliungama yeye ndiye mshtakiwa wa kwanza.

Hatutakusimulia habari za watoto wote tisa, jua litazama. Tutakusimulia ya mwenzetu mmoja, Agnella, na binti yake Levina wa miaka kumi. Ukiielewa hiyo, hizo nane nyingine umezielewa.

HISTORIA

Agnella ni fundi cherehani, na nyumba yake iko ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga pale Mlabani. Mumewe ni mvuvi, yuko kambini mtoni, hurudi samaki wakipungua. Msimu wa mavuno mashine ile huanza asubuhi na hainyamazi mpaka jioni, na anayeishi pale hujifunza mapema kwamba kupiga kelele ni kujichosha. Watu wa mashineni wanaongea kwa midomo na mikono, na zaidi ya yote kwa nyusi. Nyusi zikipanda maana yake unaitwa, geuka. Agnella anaweza kugombana na muuza mkaa aliye ng'ambo ya uwanja, wakatukanana vizuri tu na wakapatana, bila hata mmoja wao kutoa sauti.

Levina alipata homa kali akiwa na miaka minne. Ilipompitia alikuwa mzima, anakula, anacheka, anaongea maneno yake kama kawaida, isipokuwa alianza kuongea kwa nguvu. Nani angeshtuka? Pale kila mtoto anaongea kwa nguvu. Akiitwa kwa nyusi anageuka, akisemeshwa uso kwa uso anajibu. Tatizo lilionekana umeme ulipokatika. Mashine ikazima, uwanja mzima ukashusha sauti, na Levina peke yake akaendelea kupayuka katikati ya ukimya ule. Watu wakacheka, na Agnella naye akacheka, na usiku wa kuamkia leo alituambia kwamba kicheko kile anakijutia kuliko dhambi zake zote za kanisani.

Mama mkwe wake, bibi Serafina, alishuka kutoka Mahenge kuja kumwona mjukuu, akamchunguza wiki nzima.

"Huyu hana ugonjwa wa masikio," akasema. "Ana ugonjwa wa ukoo wa mama yake. Kwetu watoto wanasikia."

"Mama, akiitwa kwa nyuma hageuki."

"Na wewe ulipokuwa unaitwa jikoni mwaka ule umeolewa, ulikuwa unageuka?"

Agnella akarudi kwenye cherehani yake, kwa heshima, na kwa sababu ilikuwa kweli.

Basi miaka ikaenda. Shuleni Levina aliitwa jeuri, halafu mzembe, halafu akarudia darasa la pili. Shambani hakuna aliyemfikia. Msimu wa kuamia, yaani kufukuza ndege mpungani, wenzake walingoja wasikie kelele za ndege ndipo warushe mawe, na yeye alikuwa anatazama masuke. Suke likiinama kidogo tu, jiwe lilishafika. Agnella aliangalia hayo akajiambia mtoto mwenye akili hivi hana tatizo, atakuja kuwa sawa.

Alijiambia hivyo mpaka siku ya bajaji. Levina alikuwa anavuka barabara ya kwenda Viwanja Sitini, mama yake ng'ambo ya pili na mfuko wa sare alizokuwa anapeleka kwa mteja. Bajaji ikatokea nyuma ya mtoto. Ikapiga honi mara moja, mara mbili, mara tatu. Agnella alizisikia zote tatu akaona mwanawe anatembea kama yuko sebuleni, na hapo akatupa mfuko akainua mikono yote miwili. Levina akamwona, akaruka pembeni. Tairi lilipita juu ya kandambili yake.

Dereva akasimama. "Mama, huyu mtoto kiziwi?"

"Kiziwi ni baba yako," akasema Agnella.

Yule kijana akavua kofia. "Shikamoo, mama. Nimeuliza tu. Nimepiga honi mara tatu."

Agnella hakuitikia marahaba. Aliokota sare, akaokota kandambili, akaenda nazo zote kwa mteja, na huko njiani alielewa kwamba matusi yale alimtukana mtu wa kwanza aliyemwambia ukweli. Kesho yake alikuwa kwenye benchi letu.

Ya benchi unayajua, Mgeni rasmi, maana mafaili yanapanda kuja kwako. Mwalimu wa darasa alisema hawezi kuandika barua bila karatasi ya daktari. Daktari alisema hawezi kuandika kitu bila barua ya shule. Mtaani walimwambia barua yao hutolewa kwa kazi maalumu, ataje kazi, naye aliposema kazi ni kwamba mtoto hasikii, wakamwambia hiyo siyo kazi. Bahasha yake ya kaki ilizunguka mji huu mpaka pembe zikaisha. Mwezi wa nane ndipo akapata karatasi zote tatu, akawa nazo kama mtu mwenye kitambulisho cha peponi.

Halafu tukatangaziwa kwamba wapimaji wanakuja. Wataanza na Kiberege siku ya Jumatatu, sisi Jumatano. Kwa kuwa kifaa cha kupimia masikio hakikuwa safarini, watapima mezani tu: maswali, picha, na kumwita mtoto kwa nyuma.

Hapa ndipo tunapoungama. Tulielezwa vizuri kwamba siyo mtihani. Tulielezwa kwamba mtoto aachwe alivyo, aonekane anachoshindwa, ili apate nafasi ya kusaidiwa. Tukaitikia wote. Lakini sisi, mgeni akija na fomu na mhuri, mikono yetu huanza yenyewe kufua sare. Hatujawahi maishani mwetu kumpeleka mtoto mbele ya mkubwa ili ashindwe. Jumatatu mchana Angelina, mdogo wake Sada anayekaa Kiberege, akapiga simu. Watoto wa kule wameshapimwa, na maswali anayo yote, kwa mpangilio.

Mwalimu Fulgence alifundisha darasa la saba miaka thelathini na mmoja. Akiona swali kabla ya siku yake, mwili wake hauwezi kukaa. Jumanne asubuhi watoto tisa walikuwa uwanjani kwa Sada, ubao umeegemezwa kwenye tangi la maji. Jina lako nani. Una miaka mingapi. Unakaa wapi. Hii ni picha ya nini, ng'ombe. Taja siku za juma. Hesabu maharage haya. Walirudia mpaka kuku wa Sada wakawa wanajua siku za juma.

Levina alishika haraka, maana Mwalimu alimsemesha uso kwa uso. Ila Agnella aliona hatari.

"Mwalimu, na huyo mpimaji akiuliza ameinamia karatasi?"

Mwalimu akakuna kichwa. "Hapo sina mbinu."

Agnella alikuwa nayo. Akachuchumaa mbele ya mwanawe, akashika kalamu akaandika hewani, akaisimamisha. "Kalamu ikisimama, jibu. Ikiandika, nyamaza. Majibu yanafuatana. Umeelewa?"

Levina akaelewa.

Jumatano akavaa sare mpya, marinda yamesimama. Mpimaji alikuwa mtu mpole mwenye mafua, na kweli aliuliza ameinamia fomu yake. Jina lako nani? Kalamu ikasimama, akajibu. Una miaka mingapi? Akajibu. Unakaa wapi? Akajibu. Halafu mpimaji akapatwa na chafya, akasimamisha kalamu atafute leso.

"Ng'ombe," akasema Levina.

Mpimaji akainua kichwa. "Hata picha sijaonyesha."

Agnella akainuka kuomba radhi. Kumbe yule bwana anacheka. "Huyu ana haraka ya maisha," akasema, akaweka alama.

Ikaja ya mwisho. Akamwambia Agnella akae mbele ya mtoto, watazamane, ili mtoto atulie. Yeye akaenda kusimama nyuma ya Levina, hatua tano, akafungua mdomo, akaita kwa sauti ya chini, "Levina."

Nyusi za Agnella zikapanda.

Anasema mara ya kwanza zilipanda zenyewe, kama zinavyopanda mashineni siku zote. Levina akageuka, akamtazama mpimaji usoni akatabasamu. Mara ya pili Agnella alikuwa ameshatambua anafanya nini. Mara ya tatu alijua kabisa, akazikaza nyusi kwa nguvu zake zote, lakini mtoto alikuwa anamtazama yeye, anangoja, na hajawahi kumngojea mama yake akamkosa. Zikapanda.

"Vizuri sana," akasema mpimaji.

Nje Levina akauliza kwa sauti yake ya mashineni, "Mama, nimepita?" Agnella akamwambia amepita. Wakanunua barafu mbili, wakarudi nyumbani wanazinyonya na kucheka njia nzima. Alikuwa na furaha, Mgeni rasmi. Hatutakudanganya.

MAFANIKIO

Umoja wetu umepata mafanikio makubwa ambayo hayajawahi kutokea katika bonde hili. Watoto tisa walipimwa, na watoto tisa wamefaulu.

Fomu zilirudi baada ya wiki tatu. Tulikusanyika kwa Sada, jogoo alikwisha kuchinjwa, na Mwenyekiti akazisoma kwa sauti. Nassib, ambaye mpaka leo ukimuuliza jana ilikuwa siku gani anakuambia "maharage", aliandikiwa: *Kumbukumbu nzuri*. Mtoto wa jirani yake anayeona vitu vikiwa puani aliandikiwa: *Ametambua ng'ombe bila kusita*. Levina: *Anasikia vizuri. Mzazi ahimize nidhamu*. Kila fomu ilipigiwa vigelegele.

Mwalimu Fulgence hakupiga makofi. Alikuwa ameshika paja la kuku, akaliweka chini.

"Ndugu zangu," akasema, "tumefaulu wote. Maana yake hakuna anayekwenda."

Jogoo yule aliliwa, lakini kimyakimya.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ya kwanza ni sisi wenyewe, na tumekwisha kuieleza.

Inayofuata ni kwamba karatasi ina nguvu kuliko mtoto. Zamani mwalimu wa darasa alikuwa na wasiwasi kidogo, na siku nyingine alimweka Levina mbele ajaribu. Sasa ana fomu yenye mhuri inayosema mtoto anasikia. Asiyeitika ilhali anasikia ni mtovu wa nidhamu, na kwa hiyo Levina amerudishwa dawati la nyuma, na wiki iliyopita alipigishwa magoti kwa kutojibu aliposomewa jina kwenye daftari la mahudhurio. Alipiga magoti bila kujua kosa lake, akadhani ni zamu yake.

Agnella alirudi ofisini kuungama. Alimkuta mpimaji yuleyule, mafua yamepona.

"Nilidanganya," akamwambia. "Hasikii. Nilimwita mimi kwa nyusi."

Yule bwana akamtazama kwa huruma, tunakiri. "Mama Levina, nimefanya kazi hii miaka mingi. Wapo wazazi wanaowafundisha watoto wajifanye hawajui, wapate msaada. Nyie mmewafundisha wajifanye wanajua. Fomu haina sehemu ya kuandika hilo."

"Basi mpime tena. Hata sasa hivi, yuko nje."

"Ameshapimwa. Ameshasikia. Kurudia ni baada ya miaka miwili, labda wakubwa waagize."

"Miaka miwili atakuwa na kumi na miwili."

"Naelewa."

"Na bajaji zitamsubiri?"

Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia, kama mtu anayeiba kitu cha ofisi, kwamba mgeni anakuja kutoka mkoani mwezi wa kumi na moja na wazazi wataruhusiwa kusoma risala. Ndiyo maana tupo hapa.

Iko shule yenye kitengo cha watoto wasiosikia, yenye walimu wa lugha ya alama na bweni. Nafasi za Januari orodha yake inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Agnella alikwenda kuiona. Anasema aliingia uwanjani akakuta watoto arobaini wanagombana kwa mikono na nyusi, akasimama pale langoni akalia, maana palikuwa kama nyumbani kwake, ila huku walikuwa wanafundishwa hesabu.

MAOMBI

Ombi letu ni moja. Watoto wetu tisa wapimwe upya kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Saini yako inatosha, na kalamu tunayo kama ya kwako imebaki garini.

Kwa upande wetu tunaahidi kushindwa kwa uaminifu. Mwalimu Fulgence amekabidhi ubao wake kwa Mwenyekiti, umefungiwa ghalani chini ya magunia. Maswali yawe mapya, na kama wapimaji wataanzia tena Kiberege tunawashauri wayabadilishe njiani, maana Angelina bado ana simu. Atakayepima ainue kichwa anapouliza. Na wazazi wakae nje, Agnella akiwa wa kwanza, na kama mlango una tundu lizibwe kabisa, kwa sababu yeye mwenyewe amekiri kwamba hajiamini.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, ungeweza kusema kwamba watu hawa wameshadanganya mara moja, sasa tuwaamini vipi? Tungekuwa sisi tungeuliza hivyohivyo. Kwa hiyo tumekuletea upimaji hapahapa. Umekwisha kufanyika, nawe ndiye ulikuwa mpimaji.

Msomaji wa risala hii ni Agnella mwenyewe. Aliomba iandikwe kama habari za mtu mwingine, kwa sababu akisema "mimi" angelia kabla ya ukurasa wa pili. Amefunika uso ili midomo yake isionekane. Nyusi zake nazo ziko nyuma ya karatasi, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hazimsaidii mtu. Wazazi wote tumeagizana tusimtazame mtoto wala tusimguse, na tumejizuia mpaka shingo zimekakamaa.

Levina amekaa mstari wa mbele, mita mbili kutoka kwenye spika za Clinton. Ni yule aliyekuvika skafu. Alikujibu pale getini kwa sababu ulimwinamia, na wakubwa wengi hawainami. Tangu tuanze kusoma tumemtaja jina mara nyingi, kwa sauti ya harusi. Tumemwita jeuri na mzembe. Tumesimulia alivyopigishwa magoti, mambo ambayo mtoto yeyote wa miaka kumi angeinamisha uso akiyasikia mbele ya watu wote hawa. Wenzake wanane wameziba masikio tangu ukaribisho. Yeye ameshika kikapu cha mchele wa zawadi yako, anaitazama karatasi, anasubiri mama yake amalize.

Sasa unaweza kumtazama.

Mungu akurudishe salama kwako, wewe na wote mliojaa kwenye gari, na akujalie usipitwe na Ijumaa. Ni sisi, Umoja wa Wazazi wa Dawati la Nyuma, Ifakara.

Ndugu Clinton, zima spika. Agnella atashusha karatasi na kumwita mwanawe kwa midomo tu, bila sauti, kama tunavyoitana mashineni. Wewe kaa kwenye kiti chako, Mgeni rasmi. Utaletewa kikapu.